Hela Tatu Chini ya Pareto

Wapo wahubiri wanaosema kwamba kisasi tumwachie Mungu. Sibishani nao, nauliza tu kwa nini shamba nalo aachiwe mwizi. Miaka ile ya hamsini nilikuwa mwalimu wa shule ya misheni Iringa, nikifundisha dini kila asubuhi, huku nyumbani kwetu, milimani juu ya Mbeya, mtu mmoja akivuna katika ardhi ya baba yangu na kuongoza sala kila Jumapili.

Kwetu mpaka haukujengwa, ulipandwa. Wenye mashamba walichimba mashimo, wakatia makaa, kwa kuwa makaa hayaozi, kisha wakachomeka minyaa juu yake. Baba na jirani yake walipokubaliana mpaka, zamani za Mjerumani, waliongeza jambo lao la siri: katika kila moja ya mashimo yao matatu waliweka hela moja, sarafu ya shaba ya siku zile, chini ya makaa, ili iwe shahidi baina yao. Jirani yule alikufa. Mwanawe, aliyekuwa mzee wa kanisa, aliijua habari ya makaa. Habari ya hela hakuijua.

Baba alipopofuka, mtu huyu aling'oa minyaa yote akaipanda upya hatua thelathini ndani ya shamba letu, na chini yake akatia makaa mengine. Sehemu aliyoimeza akaiacha iwe malisho hata matuta yetu yakafutika.

Jumbe aliitisha baraza pale pale shambani. Wazee walichimba chini ya minyaa, wakakuta makaa. Ndipo baba alipotaja hela. Wakamshika mkono hadi alipodhani ndipo, wakachimba shimo la kufika magotini, wakapata udongo mtupu. Kipofu aweza kukosea kwa hatua tatu, na hatua tatu zilitosha kumwangamiza. Mzee wa kanisa akawageukia watu.

"Msimcheke baba yenu," alisema. "Amepanda hela. Tungojeni mvua, huenda zikaota."

Walicheka. Jumbe naye alicheka. Tangu siku hiyo watoto walimwita baba mpanda hela, na hakumaliza mwaka. Nilimzika nikiwa na haja moja tu: kicheko kile kimrudie mwenyewe, mahali pale pale, mbele ya watu wale wale.

Baada ya miaka mitatu, nikiwa likizoni, nilikutana mjini Mbeya na mtu niliyesoma naye. Wakati wa vita alikuwa askari wa keya, jeshi la Mwingereza, akafundishwa kutafuta mabomu yaliyofukiwa ardhini. Sasa alifanya kazi Chunya kwa Mzungu mmoja aliyenunua mashine kama ile ya jeshi, akidhani itamwonyesha dhahabu.

"Imemwonyesha nini?" nilimuuliza.

"Misumari, mwalimu. Misumari na makopo ya samaki. Mzungu wa watu karibu atalia."

Nilimweleza shida yangu. Yeye hakucheka. "Shaba itaisikia," alisema, "kama haiko chini mno. Nitaiomba kwa siku mbili. Mwenyewe ameshaichoka."

Sikutaka kazi ifanyike kwa siri, maana kilichopatikana kwa siri kingesemwa kimewekwa. Nilimwomba jumbe yule yule aje na wazee wale wale, nikamwita na mzee wa kanisa. Alikuta tumesimama kando ya pareto yake, ambayo sasa ilijaza sehemu aliyoiba, nyeupe kwa maua.

"Naona, mwalimu, umerithi kilimo cha marehemu," alisema, na wachache wakacheka.

Rafiki yangu alivaa vyombo vya kusikilizia masikioni, akawa anapitisha sahani ya mashine juu ya maua, polepole. Mara ya kwanza alipotuambia tuchimbe, tulipata kipande cha jembe bovu, na kicheko kikazidi. Mbele kidogo alisimama tena. "Hapa."

Nilikataa kushika jembe. Nilimwomba jumbe achague mchimbaji. Yalitoka makaa kwanza, yameshikamana na mizizi, kisha hela, kijani kwa kutu, taji likionekana upande mmoja. Ya pili ilipatikana mbele yake, na ya tatu mbele zaidi. Jumbe alisimama penye shimo la tatu akatazama nyuma hadi la kwanza. Yote yalikuwa katika mstari mmoja.

Mzee wa kanisa alinivuta kando. "Mwanangu, sisi ni watu wa kanisa moja. Chukua shamba lako. Maneno tuyamalize nyumbani kwangu, mchungaji atuombee."

"Baba yangu hukumwita nyumbani kwako," nilimjibu. "Ulimfedhehesha hapa."

Nikamtaka aseme mbele ya wote kwamba baba alisema kweli na kwamba mwongo alikuwa yeye. Alisema, macho chini.

"Walio nyuma hawakusikia," nilimwambia.

Akasema tena.

"Waambie pia kama zimeota."

Alimtazama jumbe, jumbe alikuwa akizitazama hela kiganjani mwake. "Zimeota," alisema.

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimengoja kicheko hicho miaka mitatu, na watu wakaninyima. Kwa hasira nikamwamuru arudie yote tangu mwanzo. Mama, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, alinigusa kiwiko. "Yatosha, mwanangu." Nilingoja mpaka mzee wa kanisa aliporudia.

Maua yalikuwa tayari kuchumwa, na mama, kwa kuwa ardhi ilikuwa yetu tena, alikuja kesho yake na kikapu, ayachume tukauze. Nilimwomba akae pembeni. Niliifyeka pareto yote, mstari kwa mstari, aliyeipanda akiwa amesimama upande wake akinitazama. Kazi ile ilinichukua hadi adhuhuri ya siku ya pili, na sikuona sababu ya kuharakisha.