Amina Niliyoitikia Kwenye Probox

Nilimwambia mama mkwe wangu kwamba naenda kwetu siku nne ili mtoto aache kunyonya. Kwa watu wetu jambo hilo halina maswali. Mtoto akipita mwaka, na kama shubiri kwenye chuchu imeshindwa, mama anaondoka. Nyanya anabaki na mtoto, wanakesha wakilia siku mbili, na siku ya tatu mtoto anakunywa uji kama mtu mzima. Mama naye anakaa kwao akingoja maziwa yakauke. Hakuna anayesema ametoroka. Anahesabiwa kuwa yuko kazini.

Ila sikuwa naenda kwetu. Nilikuwa naenda kutembea.

Mama mkwe alikubali hata sijamaliza kusema. "Nenda," akaniambia. "Mimi na mume wangu tutaelewana." Mume wake ni mtoto wangu. Mvulana wa kwanza hupewa jina la baba wa babake, na baba mkwe wangu alikufa kabla sijaolewa. Kwa hivyo huyo anayekojolea leso ndiye mzee wa boma. Mama mkwe humuuliza asubuhi kama amelala vizuri, na humwekea kiti chake. Mimi mwenyewe namwita baba, hata ninapompangusa kamasi.

Wakati huo nilikuwa na hasira, na bado ninayo, tofauti ni kwamba siku hizi sijui niielekeze wapi. Mume wangu anafanya kazi Mombasa. Akipata siku mbili za mapumziko anapanda gari na wenzake, wanaenda kuogelea na kuchoma nyama, ananitumia picha akiwa na miwani ya jua. Hakuna hata siku moja mtu amemuuliza mtoto amemwacha na nani. Mimi tangu nijifungue safari yangu ndefu kabisa ilikuwa kliniki ya Mwingi. Na nilimaliza kidato cha nne nikiwa wa pili kwa Jiografia darasa letu. Naweza kukuchorea mto Athi kuanzia juu mpaka baharini, na sikuwa nimewahi kuuona kwa macho.

Rafiki yangu ndiye aliyeleta wazo. Tulilala naye kitanda kimoja cha ghorofa bwenini miaka minne, yeye juu mimi chini. Sasa ana duka la dawa za mimea na mifugo Kitui mjini, hana mume, hana mtoto, ana Probox nyeupe ya kubebea mizigo, aina ile ile ya gari inayobeba abiria huku kwetu. "Siku nne," aliniambia kwa simu. "Kitui, Kibwezi, Mbooni, unarudi. Maziwa yatakauka kwa upepo."

Siku ya kwanza tulienda Nzambani. Ni jiwe moja kubwa kama kilima, limesimama peke yake, na kuna ngazi ya chuma ya kulipanda. Kila Mkamba amesikia kwamba ukilizunguka mara saba unabadilika, mwanamke anakuwa mwanaume.

"Mara saba tu na shida zako zimeisha," rafiki yangu alisema. "Utarudi kwako Migwani na ndevu, uagize chai."

"Na wewe?"

"Mimi nitazunguka mara tatu na nusu. Nataka ndevu bila majukumu."

Nilicheka mpaka nikashika jiwe. Tulianza kuzunguka kweli, tukikanyaga miiba, yeye akihesabu kwa sauti ya mwalimu wa gwaride. Hata raundi ya kwanza hatukumaliza. Ilikuwa saa nane mchana, saa ambayo mtoto hunyonya halafu analala, na kifua changu kilijua saa kuliko simu. Blauzi ililowa pande zote mbili. Nilijifunga leso kifuani, tukapanda ngazi. Huko juu upepo ulikuwa unavuta nguo, na vilima vya Kitui vilikuwa vimepangana kimoja nyuma ya kingine, kila kimoja kikififia kuliko cha mbele. Nikafikiria vile amelala bila mimi. Halafu nikafikiria miwani ya jua ya mume wangu, nikakaa huko juu saa nzima kwa makusudi.

Siku ya pili tulishika barabara ya kwenda Kibwezi. Lami ni nzuri siku hizi, na rafiki yangu anaendesha kama mtu aliyeitwa. Tulipopita Ikutha akaona kijia cha kuingia kushoto, akasema kitatupeleka mahali pa kuuona mto vizuri. Hakikutupeleka. Kilituingiza kwenye kijito kikavu, mchanga mtupu, na Probox ikazama mpaka tumbo.

Nilisukuma. Mwanamke ambaye amewahi kunyonyesha anajua kusukuma gari siku ya pili bila mtoto ni nini. Kifua kilikuwa kama mawe mawili yenye homa. Nilikuwa nalia na kutukana barabara, na rafiki yangu akanyamaza kwa sababu alijua matusi mengine ni yake.

Ng'ambo ya kijito kulikuwa na mama wa miaka sitini hivi, amevaa shati la kiume na leso kiunoni, ameketi juu ya gunia la ndengu, zile choroko za kijani. Alitutazama kwa muda kama anayetazama mbuzi wanaojifunga kamba wenyewe. Halafu akapiga ukelele kuelekea shambani, wakaja wanaume wawili na mwanamke mmoja wenye majembe. Wakachimba, wakaweka matawi chini ya magurudumu, tukasukuma sote, gari likatoka. Tukiwa bado tunashukuru, yule mama alishafungua mlango wa nyuma, ametupa gunia ndani na kuketi.

"Mtanishusha sokoni Kibwezi," alisema.

Rafiki yangu akamgeukia kwa heshima. "Mwaitu, hii si gari ya abiria." Mwaitu ni mama yetu, ndivyo tunavyowaita wote wa umri wake.

"Si ni Probox?"

"Ni Probox."

"Basi twende, soko litafungwa."

Tukaenda. Alikuwa na maneno mengi, juu ya mvua iliyokataa kuja, juu ya madalali wa ndengu wanaotumia kopo lililopanuliwa chini ili limeze zaidi. Halafu akainama mbele, akaiona blauzi yangu imelowa maziwa. Leso yangu ilikuwa imeanguka wakati wa kusukuma na sikuwa nimeiona. Nilihisi mkono wake ukitoka kiti cha nyuma na kutua begani mwangu.

"Pole, binti yangu," alisema polepole. "Pole sana. Hata mimi niliwazika wawili, na wa mwisho alikuwa ananyonya. Maziwa hayajui. Yanakuja tu, saa zile zile. Nilikuwa nakamulia kwenye majivu, nyuma ya nyumba, ili mzee asione."

Nilielewa mara moja alichofikiri. Sitaki mtu aniambie kwamba nilichanganyikiwa. Nilielewa vizuri. Kusema "mtoto wangu yuko hai" ni maneno manne. Lakini baada ya hayo manne angeuliza yuko wapi, na mimi hapa nafanya nini na miguu yangu imejaa mchanga wa Ikutha na begi la nguo nzuri kwenye kiti. Nikanyamaza. Rafiki yangu akakaza macho barabarani.

"Alikuwa mvulana?" aliuliza.

Nikatikisa kichwa kukubali.

Akaweka mkono kichwani kwangu na kuanza kuomba, kwa Kikamba, kwa sauti ile ya kanisani inayopanda ngazi. Aliomba Mungu ampokee huyo mdogo. Aliomba Mungu anipe mwingine. Aliwataja watoto wake wawili kwa majina, kwamba wamlaki mwenzao na kumwonyesha mahali pa kucheza. Tulikuwa tunavuka daraja la Athi. Huo ndio mto niliokuja kuuona, mwekundu, mpana, umepinda kabisa kama nilivyokuwa nauchora, na mimi nauchungulia kwa jicho moja tu, naombewa marehemu asiyekuwepo. Alipomaliza nikasema Amina. Rafiki yangu naye akasema Amina.

Kibwezi tulimshusha. Alinishika mikono yote miwili, akasema nitaombewa kanisani kwao, na akanijazia ndengu kwenye mfuko. Nilizichukua.

"Ungesema kitu," nilimwambia rafiki yangu alipoondoka.

"Mimi? Mtoto ni wangu?"

"Ulisema Amina."

"Wewe ulisema kwanza."

Tukatafuta loji. Niliingia bafuni nikakamua kwenye beseni, maji ya moto yakinimwagikia na machozi yakinitoka kwa pamoja, nikampigia mama mkwe. Alikuwa na furaha. Alisema mume wake amelia kidogo, amekunywa uji, amemfukuza paka na amelala. Nilimwambia aende amwangalie kama anapumua. "Ah," alisema. "Unataka nimwamshe?" Nilisema aende tu. Nikamsikia akivuta kandambili, mlango ukilia, kimya, halafu akarudi. "Anakoroma kama babu yake."

Mama mwenye akili angepanda gari alfajiri kurudi Migwani. Mimi nililala, nikaamka, nikanywa chai na mandazi, na nilipoona vilima vya Chyulu vimevaa wingu dogo, nikasema tuendelee. Hili ndilo linalonikera zaidi. Tulipita Makindu, Emali, tukakunja kwenda Wote, halafu tukapanda Mbooni. Huko ni baridi. Matuta ya mashamba yanashuka kama ngazi za kijani, maji yanatoka kwenye mwamba bila mtu kuchimba, na barabara inajikunja mpaka unaona nyumba uliyoipita ikiwa chini ya miguu yako. Tulisimama tukala parachichi kwa chumvi. Rafiki yangu aliiga ile sauti ya mwalimu wetu wa kemia, na nikacheka, na tukapiga picha. Mahali fulani pale juu nilikaa saa nzima sijamkumbuka mtoto hata kidogo. Naijua ile saa. Niliipenda. Picha zipo, na uso wangu hauna kitu kibaya chochote.

Nilirudi nyumbani siku ya nne kama nilivyoahidi. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake, uji hadi masikioni. Aliniangalia, akacheka, akaja. Nilipomshika alipapasa kifua changu, akainusa blauzi, halafu akashuka akamrudia paka. Ameacha. Kazi ilifanywa, na si mimi niliyeifanya. Mama mkwe alikuwa na macho mekundu ya siku tatu bila usingizi, jambo alilonificha kwa simu. "Umefanya vizuri kukaa mbali," alisema. "Wengine hurudi siku ya pili, wanaharibu kila kitu."

Kama angenigombeza ningevumilia. Sifa ndiyo ilinishinda. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni na begi, Nzambani, mchanga, Mbooni, nikamaliza na ile sala. Ya kutembea hakuyajibu. Hata hakuonekana kuyasikia. Alimchukua mtoto akamweka mapajani, na kwa muda mrefu alikuwa anamkwangua uji sikioni kwa kucha.

"Huyo mama alimtaja jina?" aliuliza.

"Hapana, mama. Hakuuliza jina."

"Lakini kuna watu huko wanamwombea kama aliyekufa."

"Ndiyo."

"Mimi huyu nimemzika mara moja," alisema. "Nilichagua sanduku, nikakaa kwa godoro wiki nzima watu wakija kunipa pole. Simziki tena. Mpeleke. Huyo mama amwone."

Kwa hivyo wiki mbili baadaye nilisafiri tena, basi hadi Kitui, basi hadi Kibwezi, mtoto akinitapikia mapajani. Rafiki yangu alisema Probox iko gereji. Inaweza kuwa kweli.

Nilimkuta yule mama kwenye safu ya nafaka, nyuma ya ndengu zake. Alinitambua akaanza kuinuka mikono ikiwa wazi, halafu akamwona mtoto mgongoni.

"Huyu ni wa nani?"

"Ni wangu, mwaitu. Ndiye yule. Hakufa. Nilikuwa nimemwacha na nyanya yake aache kunyonya."

Alimtoa mgongoni mwangu yeye mwenyewe. Akamkagua miguu, meno, akamweka chini akamwacha atembee hatua mbili. Nilikuwa nangoja matusi, na nilikuwa nimejiandaa kuyapokea yote.

"Mbona ulinyamaza?"

"Niliona aibu. Nilikuwa natembea tu."

"Mimi nilikuambia wangu," alisema. "Ile ya majivu hata mzee wangu alikufa hajui. Nilikuambia wewe."

Niliinama nikamshika mtoto mkono. Mwanamke wa meza ya pili alikuwa amesikia, akaita wengine. Kumbe nusu ya ile safu ni kanisa moja, na walikuwa wamefunga Jumatano mbili kwa ajili yangu, bila chakula, wakiuza chakula. Niliwaambia pia, wote, kwa sauti. Mmoja aliguna akasema wasichana wa siku hizi. Lakini mwingine alishamnyakua mtoto, akasema Mungu ana njia zake, tangu yeye aokoke hajaona ombi likijibiwa mbio hivi, na wakacheka, wakaanza kuimba pambio, wakimpitisha mikononi kutoka meza hadi meza, naye akipiga makofi kama mzee aliyechaguliwa.

Yule mama wa ndengu hakuimba. Mteja alikuja, akampimia ndengu, akasawazisha juu ya kopo kwa kiganja taratibu, akamwaga kwenye mfuko, akachota tena. Nilienda nikapiga magoti kando ya gunia.

"Nisamehe, mwaitu."

"Mtoto hana kofia," alisema, bila kuniangalia. "Mtoe kwa jua."