Mama Niliyemzika Darasani

Hasira hazijanitoka, na wa kumkasirikia ni mimi mwenyewe. Kundi letu la Kiingereza, hapa Mbeya, lilipewa nakala moja tu ya riwaya, tukaichana, kila mtu akaondoka na sura yake. Yangu ilikuwa ya mwisho. Sikuisoma, nilikariri muhtasari wa zamani wa kaka yangu, nikidhani riwaya ni ileile aliyoisoma yeye.

Kwenye majadiliano nikatangaza, “Mwishoni mama anakufa.”

Neema, aliyekisoma kitabu chote kabla hatujakichana, akasema, “Hafi.”

Nikapiga dawati. “Hujasoma wewe! Unatupotezea muda tu!”

Mwalimu akauliza, “Sura ya mwisho anayo nani?”

“Anayo yeye, mwalimu,” Neema akaninyooshea kidole.

Nikaitoa kwenye begi, ingali na uzi alioifungia Neema siku tulipogawana, haujafunguliwa hata mara moja. Nikaamriwa kusoma kwa sauti. Ukurasa wa mwisho, mama anacheza harusini kwa mwanawe.