Vyuma vya Ubavuni

Miaka ile ya Mwingereza nilikuwa mkunga katika hospitali moja mjini Tabora. Nilizunguka vijijini kwa landrova na dereva wetu, Mnyamwezi wa makamo asiyependa maneno mengi. Upande wa Kigwa tulifuata njia ya zamani ya misafara. Wapagazi waliipita kwa miguu, na mwenye miguu hukwepa kisiki. Gari hukwepa kwa shida, hasa masika, majani yakiwa yamefika kwenye vioo.

Siku moja tulimchukua mama aliyekuwa na uchungu tangu jana yake. Nilipompima kwao sikusikia moyo wa mtoto. Sikumwambia mtu, nilitaka tu mama afike kwa daktari akiwa hai. Njiani matairi ya kushoto yaliteleza kwenye korongo, ubavu wa gari ukakalia kisiki. Bati lilijikunja chini ya mlango, na gari likaning'inia. Kila mara dereva alipoweka jeki, bati lilibonyea. Akavua shati, akaingia chini na panga, akawa anakikata kisiki kidogo kidogo. Kabla hajamaliza, mama alijifungulia pale kando ya njia, juu ya kanga zangu. Mtoto alikuwa amekufa. Gari liliponasuka tulimfikisha mama hospitalini, akapona.

Kesho yake nilimkuta dereva amechuchumaa kando ya gari, akipapasa lile bati.

"Dada, tungefika mapema mtoto angeishi," alisema.

"Alikuwa ameshafariki kabla hatujaondoka kijijini. Mimi ndiye niliyempima."

"Unanihurumia tu."

Sikuwa na kitu cha kumwonyesha ili aamini.

Alimwomba daktari ruhusa ya kufunga vyuma vya kulinda mbavu za gari, akakubaliwa. Mchana nilipotoka kazini nikafuatana naye hadi mtaa wa Isevya, kwa fundi mmoja Mhindi. Sikutaka awe peke yake.

Fundi alikuwa ameshachagua mabomba mawili mazito, akataka kuyachomelea kwenye bodi ya gari.

"Hapana, fundi," dereva alisema. "Bati ndilo lililoshindwa. Nataka yashikwe na fremu, chini kabisa, na yafungwe kwa bolti."

"Kazi itakuwa ndefu, bwana."

"Nitasubiri."

Fundi alijilaza chini ya gari, akaigonga fremu kwa nyundo huku na huku. Alipotoka alisema, "Haya, chuma hiki kitabeba." Akakata vipande vya kushikilia mabomba, akavitoboa. Mabomba yalikuwa ya moto kwa jua, kwa hiyo nilishika ncha moja kwa gunia huku dereva akipitisha bolti na kukaza nati, kwanza upande mmoja, kisha wa pili.

Mwishowe fundi aliweka jeki chini ya bomba la kushoto, akapandisha. Gari likainuka, matairi yakaacha ardhi, na bati halikubonyea. Dereva akafungua mlango, haukukwama, akaufunga. Akaufungua tena. Kisha akakaa chini, akalia.

Fundi aliingia ndani, akatuletea chai, na sote tukainywa.

Tulipokuwa tukirudi dereva aliniuliza, "Kweli hukusikia moyo?"

"Sikusikia."

Aliitikia kwa kichwa polepole, na hatukulizungumza jambo hilo tena.

Mabomba yale yalikwaruzwa na visiki vingi, lakini hatukukwama tena namna ile. Jambo ambalo hatukulifikiria ni kwamba akina mama wajawazito wangeyafanya ngazi. Zamani tuliwanyanyua kama mizigo, nao waliona aibu. Sasa waliweka mguu juu ya bomba na kupanda wenyewe. Mwanzoni dereva alinung'unika kwamba watayalegeza. Baadaye nikaona ametafuta ukanda wa mpira wa tairi kuukuu, akauzungusha kwenye mabomba ili miguu isiteleze. Na kila tuliposimama alishuka kwanza, akazunguka upande wa pili, akanyoosha mkono.

"Kanyaga hapa, mama," alikuwa akisema. "Taratibu."