Siku Projekta Ilipoanika Kitambaa cha Mama Mkwe

Mie aibu zangu nyingi nimeshazisahau, lakini hii ya projekta inanirudia hata nikiwa peke yangu naosha vyombo, masikio yanapata moto kabisa, na ninaisimulia kwa sababu wanawake wote wa jumuiya yetu hapa Chamazi wanaijua, kwa hiyo bora muisikie kwangu mwenyewe kuliko muipate huko nje ikiwa imeshatiwa chumvi.

Kwanza niseme, projekta yenyewe siilaumu. Niliinunua Kariakoo baada ya televisheni yetu kupasuka kioo, nikaibeba kwenye mkoba pamoja na vitunguu, maana ni ndogo kama mfuko wa unga wa kilo moja. Unaiweka juu ya stuli hatua nne kutoka ukutani, unazungusha kile kigurudumu mpaka picha itulie, na ukuta wako mzima unageuka sinema. Ina betri yake humo humo ndani, umeme ukikatika sie tunaendelea na katuni. Sawa, boksi lilisema mwanga wake ni wa ajabu na ukweli ni kwamba mchana usipoziba madirisha huoni kitu, na feni yake inavuma kama mtu anayepuliza uji wa moto, na rimoti yake ni nyembamba kiasi kwamba kila siku inapotelea kwenye makochi. Lakini giza likiwepo, jamani, picha inatoka safi mpaka unahesabu nyuzi za nguo ya mtu. Na hapo ndipo mie nilipoumbuka.

Mama mkwe wangu anaishi Njombe. Mwaka juzi alitutumia furushi la vitambaa alivyofuma kwa mkono, vidogo vya kuweka kwenye makochi na kimoja kikubwa cha meza, cheupe chenye mawaridi mekundu. Mie napendaga sebule ya kisasa (yaani nilikuwa naringa tu, tuseme ukweli), nikavifungia vyote kabatini. Sasa siku moja mvua inanyesha, mbwa wetu Popi akaanza kuzaa pale barazani kwenye sakafu ya baridi, nikakimbilia kabatini nikavuta cha kwanza kilichokuja mkononi, nikamtandikia. Nilijiambia ni kwa usiku mmoja. Popi alikaa juu ya yale mawaridi wiki sita.

Mama mkwe alipokuja kututembelea, vile vidogo nilishavitandaza kila mahali. Macho yake siku hizi yana mtoto wa jicho, anaona kwa ukungu, akawa anavipapasa kimoja kimoja kwa vidole. Akauliza, na kile kikubwa? Nikamjibu bila hata kumeza mate kwamba nimekihifadhi sandukuni, nakitoa sikukuu tu, naogopa kisichafuke. Alifurahi mno. Alimwambia kila aliyekuja kumsalimia kwamba mke wa mwanawe anajua kutunza vitu.

Jumamosi ile zamu ya sala za jumuiya ilikuwa kwetu, wanawake kama ishirini, na hata jirani yetu Mama Suhaila, mwenye duka pale kona, ambaye ni Mwislamu, alikuja baada ya sala kuisha na sahani ya kaimati amsalimie mgeni. Watu wakaomba kuona picha za familia. Mume wangu, Baba Doreen, akasema simu izungushwe, nikamwambia mama yako simuni haoni kitu, tuweke ukutani. Akasema basi kaa kwanza uchague picha. Nikamwambia muda huo hakuna, hamishia zote kwenye flashi. Huo ndio uamuzi wangu mdogo wa siku ile.

Tukaning'iniza mablanketi madirishani saa kumi jioni na joto lile la Dar, watu wakawa wanajipepea kwa vitabu vya nyimbo, nikawasha. Picha ya kwanza ni binti yetu Doreen kwenye mahafali ya chekechea, amejaa ukuta kutoka sakafuni mpaka karibu na dari, anacheka. Mama mkwe akasogea mbele kwenye kochi, akamwangalia mjukuu wake muda mrefu, kisha akasema taratibu, "Kumbe ana mwanya kama wa babu yake."

Alikuwa hajawahi kuuona. Amekaa na mtoto siku nne ndani ya nyumba moja na hajauona ule mwanya. Wanawake wakaguswa, kuna aliyefuta macho, mwenyekiti wa jumuiya akasema kifaa hiki ni baraka, na mie kichwa kikavimba, nikaanza kuwaeleza bei na jinsi taa zake za LED zinavyodumu, nimeugeuzia ukuta mgongo kabisa.

Nikaona nyuso zao zinabadilika. Nikageuka. Ukuta mzima ulikuwa Popi na watoto wake sita, wamelala juu ya mawaridi mekundu. Kwenye simu pale chini mtu huonaga kitambara tu. Ukutani yalionekana mashimo ya ufumaji, yalionekana na madoa, na kile kikona alichotafuna mtoto mmoja. Mama Suhaila, kwa nia njema kabisa, akasema mashallah, watoto wa mbwa wamelazwa juu ya maua. Mama mkwe akainuka akausogelea ukuta, akaweka kiganja pale penye waridi.

Nikatafuta rimoti. Haipo (baadaye tulikuja kugundua mtu aliikalia). Picha zinabadilika zenyewe, na mie mnavyonijua, wiki zile sita nilimpiga Popi picha kama thelathini, kwa hiyo kila ikitoka moja inaingia nyingine, Popi kwa mbele, Popi kwa ubavu, mawaridi kwa karibu. Nikachomoa waya ukutani. Wapi, ile betri niliyokuwa naisifia ikaendelea na kazi. Nikaruka nikasimama mbele ya projekta nizuie, na nilikuwa nimevaa gauni jeupe, basi watoto wa mbwa wote wakanihamia tumboni. Hapo watu walishindwa kujizuia. Kuna mama alijifanya anakohoa mpaka akatoka nje. Baba Doreen akaona hakuna namna, akaibeba projekta ikiwa bado inawaka akakimbilia nayo chumbani, na Popi akapita darini, akapita usoni kwa mwenyekiti wa jumuiya, akapotelea mlangoni.

Tukabaki gizani na mablanketi yetu. Kicheko kilipoisha nikapiga magoti mbele ya mama mkwe, nikamwambia nimekosa, hakuna sanduku. Hakupandisha sauti. Alisema, "Hicho ndicho cha mwisho nilichofuma macho yakiwa mazima. Mbwa simlaumu, alikuwa na shida yake. Kinachoniuma ni hiyo sikukuu uliyonitungia."

Wageni walikunywa chai haraka wakaaga. Siku tatu mama alinisemesha mambo ya chumvi na maji ya kuoga tu, na mie nilikuwa nikiamka nalifua lile tambara, nalianika, nalifua tena, madoa yako pale pale.

Siku ya nne akaniuliza kama kile kimashine kinaweza kuonyesha mikono ya mtu akiwa anafanya kazi. Nikasema tujaribu. Nikaunganisha simu kwa waya, nikaisimamisha juu ya makopo mawili kamera ikitazama chini, na vidole vyangu vikatokea ukutani vinene kama ndizi za Bukoba. Mama akakaa kwenye kochi, akanipa uzi na sindano ya kufumia, akasema sasa utakifuma wewe. Toka hapo kila jioni mie nafuma, yeye anatazama ukutani, anaona kila tundu, picha inachelewa kidogo kuliko mkono kwa hiyo nikikosea napata nafasi ya kuficha, halafu kosa linatokea ukutani, na neno lake ni moja tu, fumua. Alikuja kwa wiki mbili, huu mwezi wa tatu yupo, na amekubali tumpeleke hospitali wamwangalie macho.

Kwa hiyo nimeapa, sitaonyesha watu picha tena kabla sijaziangalia zote peke yangu ukutani, kwa ukubwa ule ule, mpaka za nyuma kabisa. Na mtu akinipa kitu nisichokipenda nitamwambia, au nitakinyamazia, ila sandukuni sikiweki tena kwa mdomo.

Juzi nimemaliza waridi la kwanza. Mama aliliangalia ukutani muda mrefu, akasema linafanana na kabichi, lakini nisifumue.