Mkalimani wa Sinema Aliyepewa Neno na Mama Yake

Saa kumi na moja jioni, katika uwanja wa mpira wa Changamwe, Gershom Nguma yuko juu ya ngazi. Kamba ameing'ata kwa meno, mikono yote miwili inavuta shuka nyeupe kubwa, na chini yake kundi la watoto linamshauri namna ya kuinyoosha. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kutundika shuka.

"Mwangalieni vizuri," anasema Matano, dereva wa gari la sinema, aliyeegemea mlango wa gari lake. "Huu ndio wakati pekee Gershom hunyamaza. Kamba ikitoka mdomoni, tumekwisha."

Gershom ni mkalimani wa sinema. Picha zinazoletwa husema Kiingereza, naye husimama kando ya shuka na kipaza sauti akiwaeleza watu kinachotendeka. Kazi hii aliianza jeshini, huko Burma, akiwachekesha askari waliokumbuka kwao. Vita vilipokwisha alirudi na koti moja, viatu viwili vya mguu mmoja, na sauti. Sauti ndiyo iliyompatia ajira: shilingi sabini kwa mwezi, leo Changamwe, kesho Kisauni, kesho kutwa Likoni.

Kipaji anacho. Aliwahi kuieleza picha ya kuchimba vyoo hadi watu wakaomba irudiwe.

Lakini mwezi uliopita, huko Kisauni, Gershom alikosa neno.

Picha ilikuwa hii hii ya leo. Ni hadithi ya nyumba moja ya Kizungu: baba, watoto wawili, na mama ambaye siku nyingine ana furaha isiyomwenea mwilini, na siku nyingine haondoki kitandani. Pale anapolala, maelezo aliyoandikiwa na ofisi ya sinema ni maneno matatu tu: "Mama mgonjwa amelala." Kipande chenyewe ni kirefu, mtu anaweza kumaliza kikombe cha chai ya moto.

Gershom aliyasema yale matatu, akanyamaza. Watu wakajijazia wenyewe.

"Mvivu huyo!"

"Mumewe yuko wapi amwamshe?"

"Karogwa! Mtafutieni mganga!"

"Mimi huwa nina jibu la kila mtu," anasema Gershom, sasa kamba imetoka mdomoni. "Siku ile halikuja. Pale kwenye shuka nilikuwa namwona mama yangu, na watu wanamtukana."

Mama yake ni Kafedha, mjane mwenye asili ya Rabai, anayekaanga kaimati karibu na nyumba za wafanyakazi wa reli. Changamwe nzima yamjua kwa mambo mawili. La kwanza, kaimati zake. La pili, maji yake.

Nyumbani kwao hawana jina la ugonjwa huo. Wameazima maneno ya bahari. Siku za furaha kubwa husema mama yuko bamvua, maji yamejaa mpaka yanapita mahali pake. Siku za kitandani husema maji mafu, bahari imetulia haipandi. Baina ya hizo kuna siku nyingi za kawaida, na ndizo ambazo watu husahau kuzihesabu.

Akiwa bamvua huimba kabla jogoo hajaamka, hukaanga kaimati za mji mzima na kuzigawa bure. Safari moja alinunua ndoo saba, na nyumbani hapakuwa na maji ya kujaza hata moja. Kwa hiyo binti yake, Agneta, anayekaa nyumba ya pili, ana desturi yake: akisikia tu mama anaimba alfajiri, hubeba pipa la unga akalificha kwake.

"Mimi hujua mapema kuliko Agneta," asema Matano. "Mama Kafedha akiniuliza habari mara moja, kuko shwari. Akiuliza mara tatu na hangoji nimjibu, basi maji yanapanda."

Mwaka wa kwanza wa vita maji yalipita kiasi. Gari lilikuja likamchukua, akapelekwa hospitali huko bara, akakaa miezi minane. Aliporudi, watu bombani walikuwa wakimpisha njia kama vile ndoo yake ina moto. Ilichukua miaka hofu hiyo kwisha.

Ndiyo maana Gershom alipomsimulia mama yake mambo ya Kisauni, naye mama akasema, "Nipeni mimi hicho kipaza sauti, nitalisema mwenyewe," Agneta aliruka.

"Unataka kumwanika mama uwanjani kama nguo?" alimuuliza kaka yake. "Juzi juzi tu ndiyo wameacha kumnong'ona. Akipanda maji pale mbele, watacheka mpaka tuhame."

"Na asiposema?"

"Asiposema ataendelea kuuza kaimati kwa heshima zake!"

Mama alikuwa akiwasikiliza, anachambua mchele. "Mnanizungumza kama sipo," alisema. "Nimezoea. Lakini leo sijalala, mjue."

Sasa jioni ya mama kusema imefika, na kuna jambo linalomtia Gershom jasho. Leo alfajiri mama aliimba. Wimbo mmoja tu wa kanisani, kwa sauti ya chini. Agneta hakungoja wa pili. Unga uko kwake.

Saa moja kasoro, Kafedha anawasili. Leso mpya, kigoda chake mkononi. Agneta yuko nyuma yake kama askari.

"Matano, habari za kazi?"

"Njema, mama."

Matano anangoja. Kafedha haulizi tena. Anaketi kando ya gari. Matano anamtupia Gershom jicho, na Gershom anapumua.

Picha inaanza. Mama wa Kizungu ananunua kofia tatu kwa mkupuo, anawaamsha watoto wacheze dansi na nguo za kulalia. Uwanja unacheka, na Gershom anawapa kicheko zaidi: "Kofia tatu, kichwa kimoja! Mumewe anahesabu, hajui aanze na kofia au aanze na kichwa!"

Kafedha anacheka kuliko wote. "Afadhali yake," anamwambia Agneta. "Kofia huvaliwa."

Kisha kinafika kitanda. Mama wa Kizungu ameuelekea ukuta. Gershom anainama, anakishusha kipaza sauti mbele ya mama yake.

Kafedha anatazama shuka. Agneta ameshika kanga yake mdomoni.

"Mvivu huyo!" sauti inatoka gizani.

"Nani kasema mvivu?" Sauti ya Kafedha inajaa uwanja, hata mwenyewe anashtuka. "Ngowa, ni wewe? Mbona leo hukuniamkia?"

"Shikamoo, mama," inajibu ile sauti, imepungua sana.

"Marahaba. Sasa sikiliza."

Watu wanacheka.

"Huyu hakulala," anasema Kafedha. "Anasikia. Anasikia birika linachemka. Anasikia mtoto anauliza, mama ameamka? Anataka kumjibu. Mwili ni kama gunia la unga lililonyeshewa; ulibebe vipi? Mimi nimewekewa chai hapo mbele yangu. Naiona. Naitaka. Na mkono wangu najua ninao. Lakini mkono na kikombe havikutani. Chai inapoa, nami naiangalia."

Watoto waliokaa mbele wanasogea karibu na kigoda chake.

"Ukimwambia inuka, unamwongezea gunia jingine. Kaa naye tu. Njoo na kazi yako, chambua mchele wako hapo karibu, akusikie. Mwanangu Agneta hufanya hivyo. Hasemi kitu, anachambua. Naye ajue, kila punje naisikia."

Agneta ameangalia chini. Kanga imefika machoni.

Kwenye shuka, gari jeusi linafika mlangoni. Mama wa Kizungu anapandishwa, watoto wamesimama dirishani, gari linaondoka, picha inakwisha hapo. Kule Kisauni watu waliondoka vichwa chini kama waliotoka mazikoni.

"Na gari hilo?" Ngowa anauliza, kwa adabu sasa. "Wanampeleka akafe?"

"Mimi nililipanda," anajibu Kafedha. "Nilikawia, lakini nilirudi. Ama hizo kaimati unazonunua kila asubuhi, Ngowa, wadhani anakaanga nani?"

Kicheko kinachofuata kinamfanya Matano apige honi bila kukusudia. Agneta naye anacheka huku anajifuta, na hakuna hata mmoja uwanjani anayemcheka Kafedha.

Watu wanapotawanyika, wanawake wawili wanapita kumshika mkono. Wa tatu anakaa chini kabisa karibu na kigoda na kumsemesha kwa sauti ndogo kuhusu mumewe. Ngowa anakuja wa mwisho, ameshika kofia.

"Mama, kesho niwekee kaimati kumi."

"Muulize huyu," anajibu Kafedha, akimwonyesha Agneta kwa kidevu. "Unga wangu umefungwa jela."

Agneta anamtazama mama yake usoni kwa muda. "Kesho nitakuletea kibaba kimoja cha unga."

"Viwili."

"Kimoja na nusu, na nitakuwepo."

"Haya."

Gershom anakunja shuka huku akieleza mpango wake. Wiki ijayo picha hii inarudi Kisauni, mahali pale pale alipokosa neno. Ameshakiwekea mto kiti cha katikati cha gari, mama apate kukaa. Matano analalamika kwamba yeye hajawahi kuwekewa mto.

"Nikiamka bamvua, Matano akizime kipaza sauti na mnirudishe nyumbani," anaagiza Kafedha. "Nikiwa maji mafu, niacheni nilale. Gershom atasema, maneno ameshayasikia."

Na Gershom, akibaki peke yake kando ya shuka, atasema nini?

Anaiweka shuka garini kwanza. "Nitawaambia anasikia," anasema. "Kisha nitaketi. Nitachukua na mchele."