Mistari Niliyoinyoosha kwa Rula

Mdogo wangu alifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo akiwa na wiki chache tu kidato cha tano. Aliporuhusiwa kurudi nyumbani hakuulizia chakula wala wageni. Aliulizia jaribio la kwanza la uchumi, lililokuwa Jumatatu, na vipindi vingi alikuwa amevikosa. Kwetu hakuna mwingine aliyefika kidato hicho. Mimi niliishia darasa la saba.

"Dada, kuna mwenzangu atatuazima daftari mpaka Jumapili alasiri. Lakini mimi nikikaa kuandika, mshono unavuta."

Simu yetu ni kitochi, haipigi picha ya kusomeka. Nikasema nitanakili mimi.

Mwenzake huyo ni binti wa Kihindi, baba yake ana duka la vitambaa Kariakoo. Nilikwenda Ijumaa nilipotoka kazini. Mimi ni mtu wa haya. Pageni maneno hunikwama. Nilimwamkia mzee, "Shikamoo," akaitika, "Marahaba," na kabla sijapata neno la pili akawa ameshateremsha jora la kitenge.

"Hiki kimeingia jana, mwanangu. Kizuri, eh?"

Nikakitazama kwa muda mrefu sana. Akateremsha kingine. Majora yalifika manne ndipo binti akatokea nyuma.

"Baba, huyo ni dada wa mgonjwa! Amefuata daftari!"

Mzee akacheka, akaanza kuyakunja upya bila kununa. Mpaka leo nikipita pale ananiuliza kama leo nanunua.

Jumamosi sikwenda kazini. Mimi napiga pasi mashati ya mitumba sokoni Mchikichini, na Jumamosi ndiyo siku ya wateja. Nilikaa mkekani na daftari. Lote lilikuwa la Kiingereza, nami nilinakili kama mtu anayedarizi, herufi baada ya herufi. Naandika polepole, ila mwandiko wangu unasomeka. Kulikuwa na michoro pia. Nikashangaa binti mwenye akili zote zile hakutumia rula: mistari yake mingine ilipinda kama shati lililotoka kwenye belo la mitumba. Nikaona nimsitiri. Kila uliopinda niliunyoosha.

Jumapili alasiri nikalirudisha daftari lake. Niliporudi nilimkuta mdogo wangu amefungua kazi yangu.

"Dada, hii michoro ndivyo ilivyokuwa?"

"Niliirekebisha. Ilikuwa imepinda."

"Yote?"

"Ile iliyopinda tu."

Akajifunika uso kwa daftari. Mabega yakatikisika, nikadhani analia. Kumbe anacheka, mkono tumboni.

"Utanifumua mshono, wewe! Ilipindwa makusudi!"

Mimi sikucheka. Jaribio lilikuwa kesho yake, na mimi ndiye niliyemharibia. Nikachukua mtandio nirudi dukani.

"Kaa," akasema. "Mwache na yeye asome. Maneno umeyaandika yote. Tutaipinda wenyewe."

Akasoma huku kidole kikifuata mstari. "Hapa panasema mchoro huu unapinda kwenda nje. Sasa kwa nini? Dada, kazini kwenu mko wangapi?"

"Wa pasi watano. Wa kushona vifungo mmoja."

"Tajiri akitaka vifungo zaidi, kwenye pasi atamtoa nani kwanza akashone?"

"Yule anayeunguza kola."

"Atapoteza mashati mengi?"

"Apoteze nini? Atapata nafuu!"

"Akitaka zaidi?"

Nikawataja mmoja mmoja, mpaka nikabaki mimi.

"Ukitolewa wewe?"

"Basi hakuna tena shati."

Akachora. Vifungo vikiongezeka, mwanzo mstari wa mashati ulishuka taratibu, kisha ukaporomoka. Aliutazama kama mtu aliyeokota kitu. "Kile unachokiacha ndiyo gharama," akasema. "Kama Jumamosi yako." Sikujua kwamba aliihesabu.

Tukaendelea hivyo mpaka magharibi, yeye akiuliza, mimi nikimjibu kwa mashati. Michoro miwili ilitushinda, tukaiacha imenyooka vilevile.

Jumatatu alirudi kutoka shule akitembea polepole. Mchoro ule wa vifungo ulikuja kwenye jaribio. Katika ile miwili iliyotushinda nao mmoja ulikuja, akaukosa. Lakini alifaulu, na majibu yalipotoka mwalimu alimsimamisha awaeleze wenzake ule wa vifungo.

"Ukawaambiaje?" nikamuuliza.

"Nikawaambia dada yangu anapiga pasi Mchikichini, na siku akitolewa pale hakuna tena shati."

"Mbele ya darasa zima?"

"Darasa zima."

Nikageukia ukutani, nikajifanya natafuta chumvi.

Tangu hapo kila mada mpya hunieleza mimi kwanza, kwa Kiswahili, nami humuuliza mpaka achoke. Namshukuru kwa hilo. Namshukuru pia yule binti wa dukani, ambaye sijapata ujasiri wa kumwambia kwamba niliiona mistari yake ya ovyo.