Ufunguo Kifuani

Mume wangu ni fundi wa magari, na masika yakianza huninyima usingizi kwa hadithi ile ile: gari limeingia kwenye maji, injini imeyavuta kupitia bomba la hewa, ikazima, na mwenye gari akaendelea kupiga starta mpaka vyuma vya ndani vikapinda. "Hewa inabanwa, mama, maji hayabanwi," huniambia huku akivua viatu. "Si wangesukuma tu?" Nimechoka kusikia kuliko yeye anavyochoka kusema.

Jana nilimpitia gereji turudi nyumbani pamoja. Njiani tukakuta barabara imefurika. Nikamwambia, "Baba, tugeuze." Akasema barabara ile anaijua nje ndani. Tulipofika katikati, gari letu likakohoa, likazima. Nyuma yetu watu wakaanza kupiga honi. Fundi wangu, macho mekundu kwa uchovu, akapeleka mkono kwenye ufunguo.

Nikamuwahi. Niliuchomoa, nikautia kifuani.

"Nipe bwana, mara moja tu."

"Mara moja tu ndiyo wanayosema wateja wako wote."

Alifungua mlango, maji yakamjaa viatuni. Tulisukuma wote wawili, mimi na gauni langu la kazini.

Tulipofika pakavu, alifungua boneti akachomoa chujio la hewa. Lilikuwa linachuruzika. Akanigeukia nalo mkononi, na uso ule ule wanaomletea wateja wake kila asubuhi.

"Fundi," akaniuliza, "litapona kweli?"